Msumeno Unaojinoa

Mbagala, Jumapili mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na mama, kifua kimepoa? Mimi mwili mzima, moyo ndio una shida, na ndiyo maana nimeandika. Kwenye simu ningezungusha maneno weee, nikakata bila kusema.

Unakumbuka nilivyokusimulia ule msumeno wa mashine unaojinoa. Unapachika kidude chenye kinoo mbele yake, unaukandamiza kwenye gogo cheni ikizunguka, sekunde chache tu inakata tena. Nilikucheka, baba. Nilisema wewe na tupa yako mnahangaika na jino moja moja wakati mimi nimeshaangusha miti miwili. Kumbe ulipokuwa unailaza cheni pajani na kupitisha kidole kiungo kwa kiungo, kunoa ilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ulikuwa unatafuta ufa. Kinoo changu hakitafuti kitu. Miezi yote hiyo cheni ilikuwa kali, nami sikuivua hata siku moja niitazame.

Siku ile ya ajali tulikuwa Mbezi Beach, tunakata mti wa mkungu ulioegemea ukuta wa mtu. Salumu, mtoto wa shangazi, niliyekuahidi kumtunza, alikuwa anavuta matawi.

"Braza, hiyo cheni inagonga," akaniambia. "Zima kwanza tuicheki."

"Unataka tukae chini tunoe kama mzee?" nikamjibu.

Nikapachika kinoo, nikakandamiza, meno yakang'aa, nikaendelea. Hazikupita dakika tano cheni ikakatika, ikaruka, ikamchana Salumu mkono wa kulia.

Hospitali walimshona vizuri, ila vidole viwili havikunjiki. Juzi nilimkuta anajaribu kushika patasi yake ya kuchongea vinyago. Ilimponyoka mara tatu. Aliponiona akaifunika kwa kitambaa, akaniuliza kama nimekula. Afadhali angenitukana.

Baba, mliyosikia huko kwamba aliangukiwa na tawi ni uongo. Salumu aliutunga ili kunisitiri, nami nikanyamaza. Shangazi akanipigia, akalia, akanishukuru kwa kumkimbiza mwanawe hospitali, akaniombea dua ndefu. Mimi nikaitikia amina. Tangu siku hiyo nikiona namba yake naiacha iite mpaka ikatike. Najionea aibu, baba, na najuta kuliko ninavyoweza kuandika.

Salumu anapanda basi kesho, na barua hii anakuletea yeye mwenyewe. Hajui kilichomo, angejua asingeibeba. Nisalimie mama, nisalimie dada na wanawe, na baba mdogo mwambie nimepata ujumbe wake. Shangazi simtumii salamu. Mwite akae, umsomee barua yote, Salumu akiwepo, usiruke mstari hata kama Salumu atakuomba uache.

Shangazi akimaliza kusikia, akitaka kunipigia, nitapokea.

Mwanao,
Bakari