Baba Mkwe Ananiuzia Gari Linalokunywa Maji

Letsitele, tarehe 9 Septemba. Huu ni mwezi wa tano tangu niondoke kwetu Gutu, ng'ambo ya mpaka, siku mbili baada ya Pasaka.

Shangazi wa gazetini, nakuandikia kwa hasira, ukikuta neno lisilofaa lipige mstari, ila usiitupe barua yangu, maana shangazi yangu wa damu alishafariki na mambo ya ukwe huwezi kuyasema mbele ya wanaume wenzako hapa bwenini, wanacheka tu.

Mimi ni dereva wa trekta, nakokota makasha ya machungwa kutoka shambani hadi pale yanapooshwa na kupakiwa, huu ni msimu wangu wa sita, na nyumbani huwa nakaa machungwa yakiisha hadi Pasaka inayofuata. Mke wangu, Mama Panashe, ni mjamzito, mtoto anatarajiwa Januari. Mwaka juzi alishikwa na uchungu mimi nikiwa huku, jirani akambeba kwa gari lake kumpeleka hospitali ya misheni, na kwenye ule mlima kabla ya daraja gari likachemka, injini ikajifunga, wakakaa kando ya barabara wakisubiri gari jingine lipite mpaka jua likawa utosini. Mtoto alizaliwa palepale kwenye majani na hakulia. Nilipigiwa simu nikiwa juu ya trekta. Tangu siku ile niliapa nitanunua gari la familia, si la kujionyesha, gari la kuwaka asubuhi na kufika hospitali basi, na kwa ajili hiyo wenzangu wakinunua redio na viatu mimi nakula sadza, ugali wa kwetu, kwa majani ya maboga na kulala.

Sasa ndipo anaingia baba mkwe. Mzee Zvarevashe ana kinu cha kusaga mahindi pale madukani, na ana gari la dizeli la viti saba, refu, lina turbo na vioo vyeusi, ukiliona limeegeshwa utadhani waziri amekuja kusalimia. Alisikia natafuta gari, akamwita mke wangu akamwambia, "Mwambie mkwe asihangaike na magari ya watu asiowajua. Langu lipo. Nitampa kwa bei ya kindugu, mimi nataka pikapu ya kubebea mahindi." Hiyo bei ya kindugu, Shangazi, ndiyo akiba yangu yote, sijui nani alimnong'oneza.

Gari hilo nalijua. Siku ya Pasaka alitupakia kwenda kanisani, mama mkwe mbele, mke wangu na mwanetu Panashe katikati, mimi kiti cha nyuma kabisa, kile cha watoto, magoti yamegusa kidevu, kwa sababu mkwe hakai karibu na mama mkwe. Kufika kwenye kisima cha kwanza akasimama.

"Mkwe, shuka ulinyweshe."

Nikashuka, nikachota maji, nikapiga goti, nikamkabidhi ndoo kwa makofi ya heshima kama inavyotakiwa, akamimina kwenye rejeta ndoo nzima. Kufika shuleni akasimama tena.

"Mkwe!"

"Naam, baba."

"Linyweshe."

Nikapiga goti tena. Wapita njia walidhani naabudu boneti. Nikauliza kwa upole, "Baba, huwa linakunywa hivi kila siku?" Akanijibu, "Gari kubwa lina kiu kubwa. Wewe umezoea matrekta."

Alipokwenda kusalimiana na watu wa kanisani nikafungua kifuniko cha oili, nikakuta chini yake uji, rangi ya chai ya maziwa. Sisi kwenye trekta tukiona hivyo tunazima papo hapo, maana maji yameingia kwenye oili, gasketi ya silinda imekufa au kichwa cha injini kimepasuka. Na nyuma linatoa moshi mweupe mzito hata injini ikiwa imeshapata moto. Nikafunga haraka kama mwizi kwa sababu shemeji yangu, mdogo wake Mama Panashe, alikuwa amenisimamia kichwani. "We mkwe, unamvua baba nguo mbele za watu?" Kumbe alikuwa hajaona kitu, aliona boneti iko wazi tu, na hilo peke yake lilitosha kumkasirisha.

Liko gari jingine. Ni la muuguzi mmoja wa Masvingo, stesheni wagoni ndogo, petroli, silinda nne, haina turbo wala makuu, aina ambayo kila fundi pale madukani kwetu ameshaifungua na kuifunga. Binamu yangu Tongai alikwenda kulitazama, anasema linawaka mara moja na kimya. Nilifurahi, nikampigia mke wangu, naye akalipuka.

"Baba Panashe, unataka baba yangu aonekane hafai?"

"Sijasema hafai. Nimesema gari lake silitaki."

"Kwa nini hulitaki?"

"Silitaki tu."

"Silitaki tu! Ulipomtaka binti yake njia ya kwake uliijua. Sasa utapita mbele ya kinu chake na kigari cha mtu baki, watu waseme tumegombana, halafu mimi mahindi nikasagie wapi? Kwenye meno yako?"

Akakata simu. Siku ya pili akapiga Mzee mwenyewe. "Mkwe, nimeshatangaza kanisani kwamba gari linahamia kwako. Limeoshwa." Nikajikaza nikasema, "Baba, labda fundi aitazame kidogo injini." Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Mimi nimeendesha injini ya kinu miaka ishirini, leo wewe unanitumia fundi? Unanunua gari au unakagua ukoo wangu?" Na mimi mwanaume mzima mwenye ndevu nikapiga makofi kwenye simu nikasema asante baba.

Mavhunga, Mvenda ninayelala naye chumba kimoja, alicheka mpaka akakaa chini. "Ndugu yangu, hilo si gari, ni ng'ombe. Umemuuliza kama linatoa maziwa?" Nikamwambia linatoa, yako chini ya kifuniko cha oili.

Lakini mimi sicheki, Shangazi. Wazee wetu walisema mkwe ni mkuyu, hauishi kuliwa, na mimi nimekubali kuliwa, nimetoa ng'ombe, nimetoa koti na viatu vya Mzee, paa la kinu hicho anachojivunia nimeliezeka kwa mikono yangu. Sasa na mke wangu aliwe, na aliye tumboni aliwe? Nimpandishe mlima uleule kwa injini nyingine inayochemka, na nilipie mwenyewe? Na nikikataa naitwa mkwe asiye na adabu. Hii ni adabu gani, au ni wizi uliovaa koti la kanisani? Niambie, nilinunue nikae kimya, au nilikatae nimkose na mke. Machungwa yanakaribia kuisha. Nitashuka Gutu Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, na Mzee amesema atanipokea barabarani, funguo mkononi.

Ni mimi, Mkwe Aliyefungwa Mdomo


SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu, sijapiga mstari hata neno moja. Hasira yako ni halali, na mimi nimeweka yangu juu yake. Mtu anayejua gari lake linakunywa ndoo mbili kabla ya kufika kanisani, kisha analiuza kwa mume wa binti yake mjamzito na kuita bei hiyo ya kindugu, aibu ni yake. Na hizo hadithi za kinu mwambie azipunguze. Kinu hakipandi mlima. Mimi nimemiliki magari manne na kuzika waume wawili, na walionidanganya zaidi ni wauza magari.

Lakini na wewe! Hivi ulipooa ulikwenda mwenyewe kwa Mzee Zvarevashe ukamwambia, baba, namtaka binti yako, unauzaje? Ulituma mshenga. Akasimama nje ya uzio, akatukanwa, akatozwa faini kwa kukohoa, akarudi na jibu. Yuko wapi leo? Mlidhani kazi yake iliisha siku mlipokula nyama? Mkwe hafungui boneti ya baba mkwe, na hapo shemeji yako hakukosea. Mkwe hajadili gari na baba mkwe kwa simu, na hapo ulikosea wewe. Mshenga anafungua. Mshenga anasema yasiyosemeka, anafukuzwa kwa fimbo, na kesho yake anakaribishwa chai, maana mjumbe hauawi. Desturi unayoilalamikia ilikuwekea mlango, wewe ukaenda kugonga kichwa ukutani.

Mtume wiki hii, usingoje Oktoba. Aende na fundi, asubuhi, gari likiwa halijawashwa. Kwanza aweke mkono juu ya boneti. Ikiwa ya moto, kuna mtu ameshaliwasha ili afiche jambo, basi washukuru chai warudi siku nyingine. Rejeta ifunguliwe ikiwa baridi, nisije nikaandikiwa barua na fundi aliyeungua. Wakiukuta ule uji wako, mshenga asiseme bovu. Aseme, "Baba, mkwe anaomba gari hili libaki hapa, ni heshima ya nyumba yako." Mzee mwenye akili ataelewa. Asiyekuwa nayo atamtukana mshenga, na mshenga alikula nyama ya harusi kwa kazi hiyohiyo.

Nalo gari la muuguzi usilirukie kwa sababu tu una hasira na la kwanza. "Linawaka mara moja na kimya" ni maneno ya binamu, hayo si ukaguzi. Liwashwe likiwa baridi, mtu asimame nyuma. Moshi wa bluu maana yake linakula oili, na ukiona huo ondoka. Namba iliyochongwa kwenye injini isomwe na kulinganishwa na ya kwenye kitabu cha gari, kwa kuwa magari ya mtumba hubadilishwa mioyo njiani na mwenyewe wa mwisho huenda hana habari. Uliza kama injini inazungusha vali zake kwa cheni au kwa mkanda, na kama ni mkanda, ulibadilishwa lini na nani. Asiyejua, uhesabu kwamba haujabadilishwa. Kisha lipakieni watu wazima wanne wenye miili yao, mkalipandishe mlima ule ule wa kabla ya daraja, macho kwenye mshale wa joto. Ukipanda ukatulia katikati, hilo ni gari. Ukiendelea kupanda, rudini kwa miguu.

Umefanya vizuri kutaka silinda nne ya petroli isiyo na turbo. Turbo ni tamu kwa mwenye oili safi na fundi aliyesomea, na kwenu kuna vumbi na fundi mwenye nyundo. Kabla hujauliza gari lina kasi gani, uliza gasketi yake inauzwa wapi. Jibu likiwa "Durban," liache.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonikera kuliko rejeta. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipomwambia Mama Panashe ulichokiona chini ya kile kifuniko. Hapapo. Mavhunga anajua. Mimi najua. Wasomaji wa gazeti hili kuanzia leo wanajua. Mwanamke atakayepanda gari hilo na uchungu wake hajui! Alikuuliza vizuri kabisa, kwa nini hulitaki, ukamjibu silitaki tu, kisha ukakasirika kwamba amemtetea baba yake. Angetetea nini kingine? Ulimwachia nini cha kushika?

Ulidhani unamstahi. Unamstahi yule aliyelala kwenye majani yale akisubiri gari lipite? Katika nyinyi wote, wewe na Mzee na shemeji mwenye mdomo, ni yeye peke yake anayejua injini ikijifunga ina sauti gani.

Mpigie leo kabla hujavua ovaroli. Usimtukane baba yake hata kwa nusu neno. Mwambie maji uliyochota, uji ulioukuta, moshi uliowafuata barabara nzima, kisha nyamaza na umwache aseme. Binti ana maneno kwa baba yake ambayo mkwe, mshenga na fundi wakikusanywa pamoja hawana ruhusa ya kuyatamka, na wala hahitaji kupiga goti kuyasema. Akishamaliza, nadhani funguo zitarudi mfukoni zenyewe.

Mshenga aende hata hivyo, na blanketi jipya la zawadi begani. Mzee atakuwa ameaibika mbele ya binti yake, na mzee aliyeaibika anahitaji mtu wa kumtukana. Afadhali asiwe wewe.