Betri Inayokufa Siku za Jua

Kashojwa, kambi ya Nakivale, Uganda. Jumamosi, Agosti 2014.

Leo jua limewaka tangu asubuhi, na kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze sijalichukia.

Nyuma ya kanisa letu kuna mnara mfupi wenye redio inayotuletea intaneti kutoka Mbarara, ninakofanya kazi siku za juma. Redio inakula umeme wa betri, na betri inashibishwa na paneli za sola zilizofungwa kwenye fremu ya chuma, kimo cha kiuno. Mnara ukizima, chumba cha intaneti cha kanisa kinakuwa bure, na sisi wakimbizi wa Kivu Kusini hatuna pa kuonana na ndugu waliobaki kule.

Nao ulikuwa unazima kila mara. Mkubwa wangu wa kazi kule Mbarara, ambaye sote tunamwita Afande kwa kuwa alikuwa fundi wa mawasiliano jeshini, alichoka. "Hiyo kitu yako ya bure inakudanganya, bwana," aliniambia. "Mwisho wa mwezi natoa ile redio, napeleka kambi ya Oruchinga."

Kitu ya bure ni programu huria ninayoitumia kuchungulia mitambo nikiwa mbali. Inapima betri, inachora mstari, na mambo yakiharibika inanitumia ujumbe kwa simu. Kusema kweli tumegombana sana. Maelekezo yake yote ni Kiingereza, nami nilisoma kwa Kifaransa. Nilipoweka toleo jipya ilifuta mipangilio yangu yote. Imewahi kunitoa ibadani kwa kengele ya uongo. Hata hivyo, Mbrazili mmoja nisiyemjua alinisaidia jioni nzima kwenye jukwaa la watumiaji wake mtandaoni, bila kuniuliza mimi ni nani wala nina karatasi gani.

Lakini wiki hizi ilinichorea upuuzi mtupu: siku za mawingu betri inajaa, siku za jua kali inakufa. Nilibadili waya, nikabadili kifaa cha kuchajia, nikaandika mipangilio upya. Kila nilipofika kutoka Mbarara ilikuwa Jumamosi jioni, na paneli nilizikuta tupu, safi kabisa.

Wiki hii nimerudi mapema, jana nimelala nyumbani. Leo asubuhi, mstari ulipoanza kushuka, nikatoka nje na simu mkononi.

Paneli zilikuwa zimejaa mihogo.

Mihogo iliyolowekwa, imepangwa vizuri, na ile harufu yake ya kuchachuka. Jirani yangu Mama Furaha alikuwa anaigeuza. Msimu huu tuliwaomba akina mama wazipanguse paneli vumbi, nao katika kupangusa wakagundua kwamba kijiji kizima hakina mahali safi na pa moto kama hapo. Turubai za kuanikia zimechakaa, na chini kuna mbuzi. Siku ya mawingu, bila shaka, hakuna anayeanika, wala Jumapili.

"Papa Injiniya, hii fasi iko na moto mingi," alisema. "Muhogo inakauka mbio."

Nilimweleza habari ya betri, na kwamba Afande anataka kuing'oa redio. Akaacha kugeuza. Hakuna anayelalamika mtandao, au rezo kama tunavyouita, ukikatika kumshinda Mama Furaha, maana mwanawe yuko Uvira, kule Kivu, na huonana naye Jumamosi tu.

"Kumbe ni miye nakataka rezo ya mutoto yangu?"

Nilitaka kucheka, lakini uso wake ulinizuia. Tuliondoa mihogo pamoja, nikamtafutia bati kuukuu tukaliweka juu ya mawe. Kabla ya saa sita mstari ulikuwa unapanda. Nikampelekea Afande picha ya mihogo na mchoro wa betri.

Moyo wangu umejaa shukrani leo. Nawashukuru watu walioandika programu hii na kuigawa bure, wasiojua hata Nakivale iko upande gani wa dunia. Habari ya betri waliniambia ukweli siku zote. Sababu hawakuijua, na wangeijuaje? Sidhani kama kuna hata mmoja wao aliyewahi kukosa mahali pa kuanika mihogo.

Kesho baada ya ibada nitaandika jukwaani, kwa Kiingereza changu kibovu, ili mwenzangu mwingine asije akabadili waya bure.

Jioni hii Afande amejibu: "Sawa. Redio ikae. Mwambie huyo mama nakuja kula."

Nimekimbia hadi chumba cha intaneti kumpa Mama Furaha habari. Alikuwa mbele ya skrini, anamuuliza mwanawe kama amekula. Nimesimama mlangoni kidogo, kisha nimerudi nyumbani. Habari ya mnara nitampa kesho.