Hodi Tano Kwenye Blogu ya Sadick

Utende,
S.L.P. 27,
Mafia.

Jumapili, 6 Machi 2011

Mpendwa mwanangu Sadick,

Assalaam alaykum. Kabla hujavua viatu, na kabla hujaiwasha hiyo kompyuta yako, kaa kitako usome barua hii mpaka mwisho. Nakuomba sana.

Hujambo lakini? Kifua chako kinaionaje baridi ya Cape Town? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila goti langu la kulia, likiona wingu tu linaanza maneno. Bibi yako Mize anakula vizuri na anagombana vizuri. Mume wangu Hemedi yuko bado kwenye boti ya doria ya Hifadhi ya Bahari. Wamempa kofia, basi hata nyumbani haivui.

Sasa nikuungamie. Mwezi uliopita nilisikia kuwa una blogu, na kwamba mtu yeyote anaweza kuingia akasoma. Nikapanda pikipiki mpaka Kilindoni, dukani kwa Zoeb, kule nyuma ya misumari ambako bintiye Noorin kaweka kompyuta mbili za intaneti. Noorin mwenyewe alikuwa Dar harusini. Zoeb akanifungulia hiyo blogu, akarudi kwa wateja wake.

Nikaona jina la blogu juu kabisa, picha yako pembeni umenenepa mashaallah, halafu picha ya meli na maneno mengi. Sikuyasoma, mwanangu. Niliona chini pale kisanduku cha kuandikia maoni, nikasema salamu kwanza. Mtu haingii nyumba ya watu akaanza kukagua kuta.

Nikakuandikia salamu za watu kumi na wanane, kila mmoja kwa jina lake, kwa kidole kimoja, toka adhuhuri mpaka alasiri. Nikabonyeza. Zikapotea! Pakabaki kisanduku kitupu na kimstari cha Kiingereza. Nikamuuliza Zoeb, akaniambia, "Bi Mashavu, mimi nauza misumari."

Baada ya siku tatu nikarudi. Kimya. Simu yako nayo haipatikani. Nikaandika tena, fupi kidogo. Safari ya tatu nikakukumbusha kwamba kutoa salamu ni hiari, kuijibu ni lazima. Ya nne, Mola anisamehe, nikataja ulivyokimbia jandoni ukajificha ndani ya tenga la samaki. Ya tano nikaandika: kuanzia leo usiniite shangazi, katafute mwingine.

Juzi Noorin karudi, nikamshitakia. Akakisoma kile kimstari, akacheka mpaka akashika meza. Kumbe blogu ina mlango! Maneno ya mgeni hayaonekani mpaka mwenyewe aseme karibu. Na mwenyewe hayupo, maana yale maneno niliyoyaruka yalisema wazi kuwa unakwenda baharini wiki sita kupima matumbawe, na huko hakuna mtandao. Hodi ni tatu, mtu akaenda zake. Mie nimepiga tano, na ya tano nimeupiga mlango teke.

Kwa hiyo zote tano ziko barazani kwako zinakungoja. Ukizikaribisha zitasomwa na dunia nzima, pamoja na lile tenga. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki, lakini Noorin ananiambia haya hayajamwagika bado, yamo kwenye ndoo, na ndoo unayo wewe. Ifungulie ya kwanza. Nyingine zifute, na ya tano ifute bila kuisoma. Nilidhani umenikataa, Sadick. Niliumia, nikaandika kwa uchungu, na tangu juzi sijalala usingizi ukanikolea.

Jirani yetu Mbaraka anapanda ndege kesho kwenda Dar, ndiye atakayeituma barua hii kwa njia ya haraka. Noorin kahesabu siku, anasema itakutangulia. Inshaallah.

Lakini sijamaliza. Noorin kanifundisha kuisoma hiyo blogu, maana alisema nisipofundishwa nitavunja mlango wa mtu mwingine. Kila makala ina tarehe yake, na mpya ndiyo inayokaa juu. Kinyume kabisa na barua! Pembeni kuna orodha ya miaka na miezi, ukibonyeza mwezi zinatoka makala zake. Nikamwambia anipeleke ulikoanzia. Akabonyeza Julai 2008.

Nikaikuta ile ya mkeka. Kumbe unakumbuka! Nilivyokusukia jina lako kwa ukindu mwekundu, ukawa unalifuata kwa kidole kabla hujajua shule ni nini. Na mwisho umeandika: "Shikamoo, shangazi Mashavu, popote utakaponisoma." Chini yake pana neno maoni, na mbele yake sifuri.

Karibu miaka mitatu! Kumbe uliyetoa salamu ni wewe, na niliyenyamaza ni mimi. Nililia pale pale, Zoeb akaacha wateja akaniletea maji ya kunywa.

Basi nikaandika neno moja tu chini ya ile makala. Hilo nalo liko barazani, la sita. Lifungulie mlango mbele ya yote, na dunia nzima ilisome.

Msalimie sana Jumanne unayekaa naye chumba kimoja. Bibi Mize anakusalimu, Hemedi anakusalimu na kofia yake, binti yangu Moza pia, na Noorin anauliza matumbawe ya huko yana rangi gani. Mungu akurudishe nchi kavu salama, akuongezee elimu, na akupe ile subira ambayo ilipogawiwa mie sikuwepo.

Neno lenyewe ni hili, ulipate na kwa mkono wangu:

Marahaba, mwanangu.

Wako akupendaye, na bado shangazi yako,

Mashavu