Baba, Watu Wameiona Safari Yetu

Baba yangu uliyelala,

Nakuandikia kutoka nyumbani Ngagara, hapa Bujumbura, kwenye meza yako ya kulia, sauti ikiwa imenikauka kwa kuongea na watu tangu jana. Filamu yetu imeonyeshwa, Baba. Watu wameiona, na wamesema! Naiandika barua hii hadharani kwa sababu waliokuona jana wananiuliza ulikuwa nani.

Hukuwa mwigizaji. Ulikuwa karani mstaafu mwenye Corolla kuukuu, na nilichokuomba ni gari tu, na wewe uliendeshe. Hadithi yenyewe ilikuwa ndogo. Mzee anapeleka nguo za marehemu mkewe kwa shemeji yake Nyanza-Lac. Njiani anampakia msichana asiyemjua, ambaye ameanguka mtihani wa taifa na kuwadanganya ndugu zake kwamba amefaulu. Watu wawili wasiojuana, barabara moja ya kando ya ziwa, basi.

Unakumbuka tulivyopanda kilima cha Kiriri kumwomba msaada yule bwana mwenye kamera kubwa? Alicheka mpaka akakohoa. "Watu wawili ndani ya gari wanaongea? Hiyo si filme, dada. Hiyo ni safari." Tukiteremka ulinyamaza, jambo lisilo kawaida yako, mpaka tukafika chini kabisa. Kisha ukasema, "Basi tusafiri."

Asubuhi ya kuanza kazi, mwigizaji wetu wa nafasi ya mzee akatuma ujumbe kwamba amepata kibarua nje ya nchi na ameshaondoka. Divine, mwigizaji wa yule msichana, alikuwa amevaa tayari. Mimi nilikaa kwenye ngazi nikishika kichwa. Wewe ulikuwa unapangusa kioo cha gari, na Divine akakusogelea.

"Muzee, si ukae tu kwenye usukani, ukuwe yeye?"

"Apana. Mi si mutu wa sinema."

"Lakini gari si unaendesha we mwenyewe?"

Ukafikiri. "Bon. Mi nitaendesha. Mukinipiga picha nikiendesha, hiyo ni shauri yenu."

Ndivyo ulivyoingia kwenye filamu, Baba, huku ukidai hadi mwisho kwamba hukuingia.

Kesho yake esansi ikakosekana mji mzima. Tulikaa kwenye foleni ya kituo cha mafuta tangu asubuhi, na machozi ya hasira yalikuwa yananitoka. Ukanigeukia. "Hawa watu wa kwenye filme yako, wao gari yao inakunywa maji? Washa mashine ya picha." Basi tukaipiga picha foleni ile kama ilivyokuwa, wauza karanga wakipita dirishani, wewe na Divine mkizoeana vile watu wasiojuana wanavyozoeana: kwanza joto, halafu bei ya vitu, halafu habari za watoto.

Na pale mbele ya mji wa Rumonge, kwenye mashamba ya michikichi! Nilikuwa nimekuandikia ukurasa mzima wa nasaha, utakazompa msichana akishakiri uongo wake. Divine akakiri, akalia kilio cha kweli. Wewe ukaendesha tu. Nikasubiri maneno yangu, hayakuja. Ukasimamisha gari kando, ukachukua yai la kuchemsha kwenye kikapu, ukalimenya polepole, ukampa. "Kula kwanza." Hayo tu. Nilipokuuliza kama umesahau maneno, ulinishangaa.

"Sikusahau. Mutoto analia, we unataka nimuhubirie?"

Miezi michache baadaye ugonjwa ukakuchukua. Picha zikabaki kwenye kompyuta, na mimi sikuweza kuzifungua. Kusikia sauti yako ukiuliza bei ya nyanya barabarani kulinishinda. Divine ndiye aliyekuja, akakaa kando yangu na kuziwasha mwenyewe. "Tutalia," akasema, "lakini tunalia tukifanya kazi." Tukalia, tukafanya kazi, ikaisha.

Jana alasiri tulikodi ukumbi mmoja wa mtaa wa Kamenge. Nilimwomba Mungu wajae japo nusu. Viti viliisha kabla hatujaanza, na wanafunzi wakasimama wamebanana kwenye kuta zote. Mama alikuwa ameapa kwamba haji. Alikuja, akakaa mstari wa mbele na mkoba wake mapajani kama aliyeko kanisani.

Foleni ya esansi ilipotokea, ukumbi ulilipuka. "Hiyo ni kituo chetu!" "Mi niko hapo nyuma, muangalie ile Probox!" Lakini ulipoanza kumenya yai, Baba, hata watoto walitulia.

Taa zilipowashwa nikaomba maoni. Kijana mmoja akashika kipaza sauti. "Sauti iko mubaya. Upepo unakula maneno. Na hakuna hata mutu mumoja alipigwa." Watu wakacheka, nami nikatamani ardhi ipasuke. Hakuwa amemaliza. "Lakini mi pia nilianguka mutihani. Nyumbani hawajue. Leo nikifika nitasema." Ukumbi mzima ukampigia makofi, na jirani yake asiyemjua akamkumbatia.

Akasimama yule mfanyabiashara Mwarabu aliyetupatia vitenge vya kujaza sanduku la nguo za yule marehemu wa kwenye filamu. "Wallahi, nilifikiri nitasinzia. Huyu muzee hakunifundisha kitu, alhamdulillahi! Nimechoka kufundishwa na mafilme."

Mama mmoja akakasirikia mwisho. "Wanaachana pale Nyanza-Lac bila kuombana hata namba ya simu? Apana, mi sikubali!" Mwingine akamjibu kwamba watu wa njiani huwa hivyo. Wa tatu akaapa kuwa msichana atarudi kumtafuta mzee. Ugomvi ukaenea hadi mlangoni. Nilikuwa nimeinuka ili nieleze, nikakaa tena. Watu wa Bujumbura walikuwa wanagombania maisha ya mzee na msichana tuliowabuni nyumbani kwetu! Ningeeleza nini zaidi?

Nikamwona pia yule bwana wa Kiriri. Alikuwa amesimama nyuma kwa kukosa kiti. Alinifuata, safari hii bila kicheko. "Dada, nilikosea. Ile ingine ukitaka kufanya, uje uchukue kamera."

Kisha Mama akaomba kipaza sauti.

"Huyu muzee ni bwana yangu," akasema. "Nyumbani alikuwa anaongea kutoka asubuhi. Sikujua kama anaweza kunyamaza hivi." Kicheko kikapanda hadi darini. Akangoja kipungue. "Nilikuja hapa kumuaga mara ya pili. Sasa sitaki kumuaga. Murudishe mwanzo."

Nilidhani anatania. Akaketi, akakunja mikono, akatazama kitambaa cheupe ukutani. Mwanafunzi mmoja akaanza, wengine wakaitikia: "Mwanzo! Mwanzo!" Hakuna aliyetoka. Divine akanitazama, nikamwashiria, akazima taa.

Corolla ikatokea, wewe ukiwa kwenye usukani na koti lako lililokupwaya, na wote wakainuka kukupigia makofi, kama vile umeingia sasa hivi mlangoni.

Pumzika kwa fahari, Baba. Mji unakujua.

Binti yako wa mwisho