Wakiita Jina la Nyumba Yetu

Mtwara,
Jumapili jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Nakuomba unijibu ukweli. Kila nikipiga simu nikauliza magoti, naambiwa kuku mwekundu ametotoa. Nimefurahi kwa ajili ya kuku, sasa naomba habari za magoti.

Mimi ni mzima. Joto la huku ni lilelile la kukausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Kazi kwa wakili inaendelea: napeleka majalada mahakamani, nachapa nyaraka, na mhudumu asipokuja nachemsha na chai. Jioni naenda darasani. Lakini situlii, Mama. Naandika mstari, nasimama, naenda dirishani, narudi. Ndiyo maana mwandiko umekaa hivi. Na sikutaka kupiga simu, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Dada Nakiete ameniambia yote. Kwamba pembe ya msaragambo ilipopigwa kuwaita watu kwenye kazi ya pamoja, wakazoe tope kwenye bwawa letu la ndiva, wewe ndiye uliyebeba jembe ukateremka bwawani pamoja na vijana. Kwamba siku ya pili magoti yalivimba ukashindwa kwenda, na zamu yetu ya maji ikarukwa. Sasa tangawizi inageuka njano shambani. Nilikasirika hadi chakula hakikupita. Mjane asiye na mwanamume nyumbani husamehewa msaragambo, hilo Myamba nzima inalijua. Lakini wewe husamehewi, kwa sababu una mimi. Mimi niliye Mtwara, ambaye sijashika jembe tangu tumzike baba, ndiye ninayehesabiwa kuwa mwanamume wa nyumba!

Sasa sikia nilichofanya. Muhula huu tunasoma somo linaloitwa jurisprudensi. Jina lisikutishe. Huko hatukariri vifungu. Tunauliza sheria yenyewe ni kitu gani, inatoka wapi, inafika wapi, na inamfaa nani. Wapo wanaosema sheria ni amri ya mtawala mwenye fimbo. Wengine wanasema amri isiyo ya haki si sheria, hata igongwe mihuri ukurasa mzima. Na wapo wanaosema sheria ni lile ambalo watu wenyewe wamelishika miaka mingi, hadi kila mmoja akaona kulivunja ni kosa. Hapo nikanyoosha mkono, nikaeleza habari za ndiva. Wenzangu wakacheka, wakaiita sheria ya tope. Mwalimu hakucheka. Aliniuliza, "Hiyo sheria yenu mipaka yake iko wapi? Inamfikia hata mtu aliyeko Mtwara?"

Mama, nilitoka darasani karibu niruke. Nimepanga chumba huku, nafanya kazi huku, hata kura napigia huku. Basi mimi si mtu wa nyumba ile, wewe ni mjane uliye peke yako, na unasamehewa. Nikampigia Dada palepale aende kwa Mzee Eliamani, mwenyekiti wa ndiva. Nilijiandaa kwa ubishi mkali, lakini mzee wa watu hakubisha hata kidogo. Alisema, "Hoja ya kijana ni nzuri. Mama yake aje asimame mbele ya wenzake, aseme nyumba yake haina mwanamume. Tutamtoa kijana, na maji atayapata wiki hiihii."

Ukaenda, ukasimama. Ukasema, "Mwanangu yuko kazini. Hajahama." Kisha ukachukua jembe ukaelekea bwawani kulipa siku uliyokosa, na Dada akakurudisha umemwegemea begani.

Kwa nini, Mama? Nilikwishakufungulia mlango! Yalibaki maneno machache tu, na leo maji yangekuwa shambani. Nimekununia wiki nzima, na wewe hata hujui.

Lakini kuna jambo sikumwambia Dada. Aliponieleza maneno ya Mzee Eliamani, kwamba "tutamtoa kijana", niliogopa. Nikauliza, "Watanitoa wapi?" Akasema, "Kwenye nyumba, Elinami. Ulitaka wakutoe wapi tena? Siku ukirudi utaanza kuomba maji kama mgeni." Nilikuwa nimejenga hoja safi kabisa ya kujifukuza kwetu. Tangu siku hiyo nakwenda na kurudi ndani ya chumba hiki, na mwenye nyumba ameshaniuliza kama naumwa.

Mwalimu ametutaka tuandike umuhimu wa somo hili. Wenzangu wameandika kwamba linanoa akili ya mwanasheria. Mimi nimeandika kwamba linamlazimisha mtu kujiuliza, kabla hajashinda kesi, ataishi wapi akishaishinda. Sijui atanipa alama gani.

Usidhani nimewasamehe. Kumkatia maji mgonjwa ni kosa, na nitawaambia hivyo. Ila nitawaambia nikiwa nimesimama kwenye tope, maana pale hawamsikilizi mtu mwenye viatu vikavu.

Dada anasema pembe itapigwa tena mwisho wa mwezi. Mtihani wa somo hilihili umepangwa siku zilezile. Nilikwenda kwa mwalimu kuomba niahirishe, akataka sababu. Nikamwambia nimeitwa na sheria. "Sheria ipi?" Nikasema, "Ile ya tope." Safari hii alicheka, kisha akaniambia nitausubiri mtihani huo hadi mwakani. Imeniuma, sikufichi. Wakili naye amenung'unika, lakini ruhusa ametoa. Nitalala Dar, nitashuka Same, na gari la kwanza la kupanda mlimani ni langu.

Msalimie Dada Nakiete na shemeji, na watoto wao wasiopenda kuoga. Msalimie Mama Joni jirani, na umshukuru kwa kukuchotea maji. Mjomba fundi seremala mwambie jembe la baba linahitaji mpini mpya, mrefu kidogo, maana nimemzidi baba kimo. Mzee Eliamani mpe shikamoo yangu, na usimwambie kwamba nilimkasirikia.

Na wewe, Mama, siku hiyo usibebe chochote. Ukipenda, njoo ukae ukingoni na khanga yako. Wakiita majina, wakafika nyumba yetu, usiitike. Nitaitika mwenyewe.

Mwanao,
Elinami