Mlio wa Rivasi

Kwako Kaka,

Pokea salamu zangu nyingi. Mguu unaendeleaje? Mimi mwili mzima, roho ndiyo haijatulia.

Wifi ameniambia unajitenga na watu eti masikio yamekufa, na Ijumaa unapeleka barua ya kuacha kazi. Anasema akikuita kwa sauti ya kawaida unaitika vizuri tu, lakini akikwambia hivyo unanuna. Wewe na kununa mlizaliwa siku moja.

Hapa ghalani aliletwa fundi wa ving'ora. Ana maneno kunishinda mimi, fikiria mwenyewe. Alipima kelele za ghala, akasema mlio wa hatari usipozishinda kelele hizo ni kazi bure. Akaeleza kuwa pii-pii ya foklifti yangu nikirudi nyuma ni sauti nyembamba mno: haipindi vizuri kwenye kona za makatoni ya vigae, tena inagonga kuta na kurudi, mtu asijue gari liko upande gani. Amefunga mpya, inalia kama mchele ukimiminwa kwenye sufuria, nene na nyembamba kwa pamoja. Alinisimamisha nyuma ya makatoni nimefumba macho, nikanyoosha kidole palepale ilipo foklifti.

Ila alisema hata ile ya zamani, mtu aliye hatua tatu nyuma angeisikia. Meneja akamjibu kuwa wewe masikio yako ni mabovu. Nikainama, nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Kaka, ulishanisamehe kwa kukugonga, ukasema ni ajali. Hukusikia kwa sababu hapakuwa na cha kusikia. Wiki moja kabla niliuziba ule mlio kwa selotepu, mikunjo kwa mikunjo, kwa kuwa ulikuwa unaniumiza kichwa. Watu walipokuwa wanakubeba niliibandua, nikaitia mfukoni. Na uliposema masikio yako ndiyo yaliyokuponza, nilishukuru. Naona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Leo asubuhi nimemwambia meneja yote, na funguo za foklifti nimeshamkabidhi. Wewe Ijumaa usipeleke barua yoyote.

Wasalimie wifi na watoto. Jumapili nitakuja. Nitabisha hodi mara moja tu, kwa sauti ya kawaida. Usipofungua nitarudi nilikotoka, nikijua kwamba umenisikia.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku