Komeo la Kikapu Namba Saba

4 Machi

Mpendwa Dada Tiketi,

Habari za siku nyingi? Natumaini wewe na Baba hamjambo, na lile goti lake limepoa. Sisi huku wazima, mke wangu na mabinti wanawasalimu sana. Nisamehe kwa kimya. Kazi, dada, kazi. Ukishika hiki, kile kinaita.

Juzi mtu fulani katuma picha za bembeani kwetu. Gurudumu letu kubwa la kupandisha watu! Limeliwa na kutu, majani yamemeza vikapu vya chini, na kibanda chako cha tiketi hakina hata kioo kimoja. Nililia ofisini mbele za watu nikasingizia mafua. Jamani, ile ilikuwa ndiyo dunia yetu. Unakumbuka taa zikianza kuwaka jioni, nyekundu kwanza, halafu njano? Unakumbuka ulivyokuwa unachana tiketi kwa meno mtu akikuudhi? Na Baba na filimbi yake ya shaba: mlio mmoja mrefu, gurudumu linaondoka, miwili mifupi, linasimama. Nikiwasimulia wanangu kwamba babu yao alikuwa anawapeleka watu juu ya mapaa ya mji mzima, wananiambia, "Baba, acha fiksi."

Nina ombi moja. Niombee hiyo filimbi. Nataka niitundike sebuleni, nipate kitu cha kushika ninapokumbuka. Na ukipata nafasi nipigie picha mbili tatu.

Mdogo wako,
Chapuchapu

2 Aprili

Mdogo wangu Chapuchapu,

Salamu zimefika. Mimi mzima. Baba ni mzima kadiri anavyoweza kuwa mzima mtu wa miaka sabini na mbili anayetembea kilomita mbili kila asubuhi na mfuko wa spana begani. Goti halijapoa. Linazidi.

Umelia ofisini. Pole. Mimi napita pale kila siku nikienda kufua mashuka ya hospitali, na sijawahi kupata nafasi ya kulia, maana nikichelewa dakika kumi msimamizi ananifungia mlango.

Hujauliza Baba anakwenda wapi na spana, lakini nitakwambia. Anakwenda bembeani. Mlinzi amemzoea, anamlegezea mnyororo wa geti anapita. Anageuza ndoo, anakaa mbele ya kikapu namba saba. Analifungua komeo, analifunga. Analifungua, analifunga. Mara mia moja, anahesabu kwa sauti. Analipiga tupa kidogo, analipaka grisi, anaanza tena. Saa nne anarudi nyumbani amenuna, ananiambia, "Leo tena limeshika vizuri." Mtu mwingine angefurahi. Yeye anaketi na kikombe cha chai mpaka kinapoa.

Kwa kuwa wewe ni bingwa wa kukumbuka, nikukumbushe na hili. Sheria ya Baba: kila asubuhi kabla ya geti kufunguliwa, mtu anapanda kila kikapu, vyote kumi na viwili. Kikifika juu kabisa anausukuma mlango kwa bega kutoka ndani. Juu, siyo chini, kwa sababu chini mlango umekaa tu na komeo halina kazi. Likishika, anashuka, anapiga alama ya chaki mlangoni, anapanda kinachofuata. Inachukua saa nzima. Siku ile Baba alikuwa na homa, kazi ikaachiwa wewe. Nilikuwa nje nafagia mbele ya kibanda, nikakuona kwa macho haya. Umesimama chini, mkono mmoja mfukoni, gurudumu linazunguka, na wewe unapiga chaki kila mlango unaokupita. Dakika tano, kwisha. Kweli jina lako ulilitendea haki.

Mchana komeo la namba saba likaachia, yule mama mshonaji akaanguka kutoka urefu wa paa. Nyonga ilivunjika, mpaka leo anatembelea gongo. Baba akakuuliza mbele yangu, "Ulipanda?" Ukamjibu, macho makavu, "Nilipanda, Baba. Vyote." Akakuamini. Akaenda mbele ya wakaguzi akasema aliyekagua ni yeye, kwa sababu ulikuwa umebakiza wiki tatu usafiri kwenda masomoni na hakutaka wakuzuie. Uwanja ukafungwa, yeye akafukuzwa kama mwizi. Na mimi nikafunga mdomo, nikijidanganya kwamba ukishafika huko utamwandikia ukweli. Huu mwaka wa tisa.

Sasa fikiri kidogo. Kama ulipanda, ukausukuma ule mlango, na komeo bado likaachia, basi komeo ndilo bovu. Na nani aliyelifua lile komeo kwa mikono yake, usiku na mchana, akakataa ya kununua? Hilo ndilo linalomla. Siyo kazi, siyo aibu. Anatafuta kosa la mikono yake na halioni, kwa sababu halipo.

Mwaka jana nilijaribu kumwambia. Alinifokea mpaka nikaona haya: "Kibanda kinatazama geti, hakitazami gurudumu! Usimwonee mwenzio wivu kwa kuwa yeye alikwenda wewe ukabaki." Sijarudia.

Mwisho wa Juni wanakuja watu wa vyuma chakavu, wanalikata lote. Namtaka apate jibu kabla ya hapo, wakati komeo bado lipo mkononi mwake. Simu haisikii, masikio yake yaliliwa na mota ya gurudumu. Mwandikie. Nataka neno moja tu kutoka kwako: sikupanda.

Filimbi iko shingoni mwake, haivui hata akioga. Sijamwomba na sitamwomba.

Dada yako,
Tiketi

21 Mei

Dada mpendwa,

Hamjambo? Sisi hatujambo, namshukuru Mungu. Mdogo alikuwa na kikohozi, kimetulia.

Barua yako niliipata, nikaisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Dada, una maneno makali. Sikatai kwamba mambo yalitokea. Ila najiuliza, kumwambia mzee leo kutamsaidia nini? Moyo wake utahimili? Na tuseme kweli, makomeo yale yalikuwa ya zamani. Hakuna ajuaye kwa hakika. Pengine hata ningepanda lingeachia vilevile.

Mimi nikipafikiria bembeani napenda kufikiria yale mazuri. Ile harufu ya sukari ya moto kwenye pipi za pamba. Wewe ukicheka na yule dereva wa magari ya kugongana, ukidhani sikuoni. Baba akinibeba mabegani kunionyesha mota. Kwa nini tusimwachie mzee hayo?

Nitamwandikia, usidhani sitamwandikia. Nipe muda nitulie kichwa. Kwa sasa nawatumia picha aliyochora binti yangu mkubwa: gurudumu na taa zote zinawaka. Mpe Baba.

Mdogo wako akupendaye,
Chapuchapu

10 Juni

Chapuchapu,

Sisi wazima.

Nimempa picha. Kaitazama muda mrefu, kisha kauliza mbona milango ya vikapu haina makomeo. Nikamwambia ni mtoto tu aliyechora. Akachukua kalamu akayachora mwenyewe, yote kumi na mawili.

Wanakata tarehe ishirini na nane. Umebakiwa na siku kumi na nane, na barua inachukua nane kwenda, nane kurudi. Hesabu ulikuwa unaiweza.

Usiniletee habari za moyo wake kuhimili. Moyo wake nauosha mimi, naulisha mimi, na mimi ndiye ninayeusikia ukihesabu mpaka mia hata akiwa usingizini. Ukiondoa ile mara moja ya mwaka jana, nilinyamaza miaka tisa kwa ajili yako na ninajichukia kwa hilo. Usinifanye ninyamaze mwaka wa kumi.

Dada yako

3 Julai

Chapuchapu,

Tu wazima. Sijapata chochote kutoka kwako, kwa hiyo naandika tu ili usije ukasema sikukuarifu.

Limekatwa. Ilichukua siku tatu. Baba alivaa ovaroli lake la zamani, lile la bluu, nikalipiga pasi. Alisimama karibu na geti tangu asubuhi. Kila kikapu kiliposhushwa alipuliza filimbi, milio miwili mifupi. Vijana wa kukata chuma walicheka siku ya kwanza. Siku ya pili waliacha, na ya tatu wakawa wanamsubiri apulize ndipo washushe.

Walipofika namba saba, mkubwa wao akalichomoa komeo akamletea. Mtu mwenye adabu sana. Akamwambia, "Mzee, hili chukua, kumbukumbu." Baba akalishika. Akalifungua, akalifunga, mara moja tu. Kisha akamrudishia. Akasema, "Hili ndilo lililomwangusha mama wa watu. Liyeyusheni." Nilimshika mkono, nikamwambia Baba, tafadhali, tulipeleke nyumbani. Akaniangalia kana kwamba nimemtukana. Likatupwa kwenye lori na mengine.

Siku iliyofuata alikwenda kwa mama mshonaji. Miaka yote hiyo alikuwa anapita upande wa pili wa barabara. Safari hii aliingia. Alipiga goti, lile bovu, mbele ya cherehani, akasema, "Komeo nililifua vibaya. Nimetafuta wapi nilikosea, sijaona, lakini ni mimi." Yule mama alilia. Akamwinua, akamwambia, "Nimekusamehe, fundi."

Unasikia? Amesamehewa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na nilitamani ardhi inimeze.

Siku hizi haendi popote. Anaketi. Chakula anakigusagusa tu.

Dada yako

19 Julai

Dada yangu,

Sijui nikusalimu vipi. Natumaini Baba anakula.

Barua yako ya Juni ilifika mapema, siwezi kusingizia posta. Niliiweka kwenye droo ya kazini. Hii ya Julai nimeisoma nikiwa nimesimama, na sijapata usingizi wa maana tangu siku hiyo. Hapo alipopiga goti, dada, ndipo uliponiua.

Sikupanda. Na kuna jambo ambalo hata wewe huna habari nalo. Niliiona. Namba saba iliponipita niliona pini ya komeo imechomoza, kama kidole kimoja, haijazama kwenye tundu lake. Nikasema nitaigonga nikimaliza mzunguko. Nikamaliza, nikaitwa kwenda kumwagia maji njia ya magari, nikasahau. Hata chaki niliipiga. Komeo halikuwa na kosa lolote. Ni mimi.

Nilisema nilipanda kwa sababu Baba aliniuliza huku akinitazama kwa matumaini, nikashindwa. Baadaye kila mwaka uongo ulizidi kuwa mzito kuuinua. Ndiyo maana nilikuwa naandika habari za taa.

Nimeandika yote haya kwenye karatasi nyingine, ya Baba, kwa mkono wangu. Imo humu. Msomee, au asome mwenyewe. Nitakubali lolote atakalosema. Akinilaani, usinifiche.

Mdogo wako

14 Agosti

Mdogo wangu,

Tu wazima. Barua yako ilifika Jumanne na ya Baba ndani yake.

Nilimsomea siku ileile. Nilimkalisha mlangoni penye mwanga, nikasoma kwa sauti kubwa mpaka jirani akazima redio. Nilipofika kwenye "sikupanda" nilipaza sauti zaidi, maana neno hilo nimelisubiri kama mgonjwa anavyosubiri dawa. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akaninyang'anya karatasi, akasoma mwenyewe, kidole kikifuata mistari. Kisha machozi yakamtoka. Nikajisemea moyoni, afadhali, hatimaye.

Unajua alisema nini? "Mwanangu ana huruma sana."

Sikumwelewa. Akanieleza polepole, kama anavyoelezwa mtoto. Kwamba mimi nimekuandikia habari za yeye kupiga goti na kukataa chakula, na wewe kwa mapenzi yako umeona ujitwike kosa la baba yako ili afe na amani. "Watoto wa hivi wako wangapi?" akaniuliza. Nikamwambia, Baba, ni kweli tupu, nilimwona. Akanipigapiga mkononi. "Na wewe pia una huruma. Mlikaa mkapanga."

Nikamrudisha pale kwenye pini. Macho yakawa yale ya fundi, unayajua. Akanyoosha mkono, gumba likawa linasukuma kitu ambacho hakipo. "Pini ikichomoza kidole kimoja..." akasema. "Ningekuwa na lile komeo hapa ningejua sasa hivi." Mkono ukakaa hivyo hewani. Halafu akaushusha pajani.

Ungeandika Aprili, angelishika. Ungeandika hata Mei, badala ya kututumia gurudumu la rangi, angelishika. Angeichomoza ile pini, angesukuma, na mkono wake ungemwambia. Mimi haniamini, wewe hakuamini, lakini mkono wake angeuamini. Sasa limeshakuwa nondo za nyumba ya mtu.

Barua yako anatembea nayo mfukoni. Amewaonyesha majirani wote alivyobarikiwa mtoto. Ameipeleka mpaka kwa mama mshonaji. Yule mama aliisoma mpaka mwisho, akaikunja vizuri, kisha akaniangalia mimi. Aliniangalia muda mrefu sana. Yeye alielewa kwamba ni kweli, na kwamba nami nilijua. Akamrudishia Baba karatasi yake, akainamia cherehani. Tangu hapo nikimwamkia haitikii, na sina cha kumlaumu.

Uliniambia nisikufiche akikulaani. Hakukulaani. Anakula tena, kwa furaha uliyompa.

Jana aliivua filimbi shingoni. Mimi sikuiomba. Akaisugua kwa kitambaa mpaka ikang'aa, akasema, "Mpelekee mwanangu, anastahili." Imo kwenye kifurushi hiki, nimeizungushia soksi isipate mkwaruzo. Itundike sebuleni kama ulivyotaka. Mabinti wakikuuliza babu yao alikupa kwa nini, waambie.

Dada yako